Usisaini upasuaji wa kizazi kabla hujaulizwa choo unakipataje

Dada, subiri kwanza. Unauliza bei na siku za kulazwa, huku umeandika kwamba kizazi kimeshuka, kwamba choo hakitoki mpaka ubonyeze ukeni kwa kidole, na kwamba hilo hutamwambia daktari kwa sababu ni aibu na "litaisha kizazi kikirudishwa". Nani kakuhakikishia?

Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Daktari aliangalia nyama imeshuka kiasi gani, akaandika, akanipa tarehe. Kuhusu choo aliuliza tu, "Unapata?" Nikajibu napata. Hakuuliza napataje, wala hakupima njia ya haja kubwa. Nikapasuliwa, uvimbe wa ile nyama iliyoshuka ukaondoka, kujikamua mpaka jasho kukabaki pale pale. Miezi imepita ndipo daktari mwingine akanipima kwa kidole huko nyuma, akaniambia nisukume kama niko chooni. Misuli ilikuwa inabana wakati inatakiwa iachie! Kisu hakitibu hilo. Linatibiwa kwa kufundishwa mazoezi na mtu wa fiziotherapia. Kipimo cha dakika chache, na yule wa kwanza hakukifanya. Bado nina hasira naye.

Ukubwa wa uvimbe hausemi choo kikoje. Kuna mwenye uvimbe mkubwa anayekwenda haja vizuri, na mwenye mdogo anayeteseka. Kubonyeza kwako huenda ni kwa sababu puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imetokeza kwenye ukuta wa nyuma wa uke na choo kinakwama humo. Huenda ni misuli kama yangu, na ikitokea choo pia ni kigumu, shida inazidi. Yanaweza hata kuwa yote kwa pamoja, na kila moja lina tiba yake.

Kwa hiyo hata asipokuuliza, sema: unakwenda mara ngapi kwa wiki, unajikamua kiasi gani, unahisi kingine kimebaki, unabonyeza wapi. Omba uoneshwe mchoro wa Bristol wenye aina 7 za choo, kuanzia vigololi vigumu hadi maji, uoneshe chako. Na kama ushuzi au choo vinakuponyoka, sema pia, hata kama mumeo hajui. Msuli unaofunga njia hiyo unaweza kuwa ulichanika ulipojifungua, na mpasuaji anapaswa kujua kabla hajakugusa.

Ukiona damu kwenye choo, usingoje hiyo tarehe. Rudi hospitali wiki hii.