Barua kwa mwanangu: nitajuaje lini anaumwa kweli?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, nikaweka simu chini nikaenda kuanua nguo. Umeniuliza juu ya mkeo na lupasi yake: "Mama, Jumapili alishinda uwanjani kwenye harusi, anacheza na wenzake. Jumatatu hawezi kuinua sufuria. Nitajuaje lini anaumwa kweli?" Hukuuliza vibaya. Swali hilohilo nililibeba miaka mitatu juu ya baba yako, ila sikuwa na ujasiri wa kulitoa.

Baridi yabisi ya baba yako ilianza wewe ukiwa darasa la pili. Jioni utamkuta barazani anacheza bao mpaka isha. Asubuhi nikimwomba anitekee ndoo ya maji, vidole havikunji. Moyoni nikawa nasema, mikono ya bao anayo, ya ndoo hana. Nikamwambia na mama yako mdogo hivyohivyo. Tukacheka.

Siku moja niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikamkuta uani gizani, ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya moto. Kumbe kila siku alikuwa akitutangulia kuamka ili vidole vilegee, apate kufunga vifungo vya shati bila ninyi kumwona akihangaika. Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilimwona. Baadaye daktari alinieleza kuwa ugonjwa ule ndivyo ulivyo: asubuhi viungo vinakakamaa, jua likipanda vinaachia. Bao la jioni halikuwa limemsuta.

Lupasi ya mkeo ni ndugu na huo. Kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili, na inakuja kwa vipindi: imetulia, mara imechacha. Jua nalo huichochea. Sasa mtu kashinda uwanjani mchana kutwa, huenda Jumatatu ilikuwa inalipa deni la Jumapili. Acha kumchunguza. Muulize umeamkaje, na jibu atakalokupa lipokee kama lilivyo.

Kitu kimoja tu kisingoje ajisikie vibaya: figo. Lupasi inaweza kuziharibu kimyakimya, bila maumivu. Siku ya kupima mkojo na damu ikifika, mwende hata kama ameamka anaimba. Na ile prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, asiikatishe ghafla kwa sababu tu amepata nafuu. Mwili ukizoea kuletewa, unaacha kujitengenezea homoni yake ya namna hiyo, na ukinyang'anywa kwa mara moja mtu anaweza kuanguka vibaya. Kupunguza ni kazi ya daktari.

Dawa hiyohiyo ndiyo iliyomvimbisha uso. Unakumbuka Idi, shangazi yako alipomwambia, "Ndoa imekukubali, umenawiri"? Wewe ulicheka. Mimi nilimwona mkeo akiingia chumbani, na chai yake ikapoa pale mkekani. Shangazi yako hana ubaya, mdomo tu. Lakini siku nyingine wewe ndiye umjibu, usimwachie mkeo. Hao nao wanaouliza kwa nini anameza dawa ya ukoo wa klorokwini na malaria hana, waambie ndiyo inayoituliza hiyo lupasi. Ila asikose kupimwa macho kama alivyoelekezwa.

Umeuliza pia kama mimi sikuchoka. Nilichoka, tena sana. Mwaka ule wa tatu nilikwenda kwa dada yangu Pangani wiki nzima, nikasingizia kuna msiba. Hapakuwa na msiba wowote. Nilikula samaki, nikalala mchana, nikarudi. Baba yako alijua, maana alinipokea bila kuuliza nani kafariki! Ningemwambia ukweli tangu mwanzo ningemwondolea mzigo, kwani siku zote nilizokuwa nimenuna yeye alikuwa anaficha maumivu ili nisinune zaidi. Wewe ukichoka, sema nimechoka, kisha mwite dada yako aje awapikie siku mbili tatu. Yuko karibu, na amekwisha kuniuliza kwa nini hamumwiti.

Utingo wa basi la kesho asubuhi nimempa furushi, kalipokee stendi. Mna dagaa, na kofia ya ukili yenye ukingo mpana, ya mkeo. Nimemsukia kubwa makusudi, ifike mpaka mabegani. Mwavuli kamnunulie wewe.

Baba yako anawasalimu.

Mama