Wa Kwanza Wapite: Tunavyohesabu Ningu Wanaopanda Mto Sio

Mwezi wa tatu, maji ya mto Sio, mpakani mwa Uganda na Kenya, yakianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, simu yangu hailali. Wanaopiga ni wavuvi wa Majanji, kina mama wanaouza samaki sokoni Busia, na binamu zangu wa ng'ambo, upande wa Kenya. Wote wana swali moja: "Wameanza?"

Wanamuulizia ningu. Huyu ni samaki wa Ziwa Viktoria ambaye mvua zikianza huacha ziwa akapanda mito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Kwetu hupanda mara mbili kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei, na tena mvua za mwisho wa mwaka. Fwani, ambaye Waganda humwita kisinja, naye hupanda mito, ila leo nazungumzia ningu.

Zamani jibu langu kwa simu hizo lilikuwa "ndiyo, njooni na nyavu". Nilivua hivyo miaka mingi. Tulikuwa tunatega mdomoni mwa mto usiku wa maji ya kwanza, na asubuhi mtumbwi ulijaa majike yenye matumbo yamefura mayai. Mayai hayo yaliuzwa pamoja na mama zao. Nimeyafanya kwa mikono yangu, na ndiyo sababu naandika.

Wazee wetu hawakuvua hivyo. Walijenga uzio wa matete kwenye vijito, wakatega migono, ile mitego ya kusuka, kwenye mianya yake, na mafuriko makubwa yakija yaliuruka uzio na samaki wengi wakapita. Nyavu za kutega zililetwa ziwani mwaka 1905, na watu wakagundua kwamba mdomo wa mto unaweza kuzibwa usiku mmoja. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wanaandika kwamba uvuvi wa ningu mitoni umeporomoka. Leo orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka ningu katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Watu husingizia sangara kwa kila kitu kilichopungua ziwani, lakini sangara aliletwa miaka ya 1950, wakati nyavu za mdomoni mwa mto zilikuwa zimeshafanya kazi yake kwa nusu karne.

Wazo la kuhesabu nililipata niliposoma habari za samoni wa Alaska. Kule Bristol Bay wanajenga minara kwenye kingo zote mbili za mto, mtu anapanda juu na kuhesabu samaki wanaopita kwa dakika 10 katika kila saa. Hesabu hiyo huzidishwa, wakapata makadirio ya saa nzima. Wana idadi waliyoipanga ya samaki wanaopaswa kufika mazalio, na uvuvi hufungwa na kufunguliwa kufuatana na hesabu hiyo. Mwaka 2022 samoni zaidi ya milioni 70 walirudi kwenye ghuba hiyo moja. Kilichonigusa zaidi ya ukubwa wa namba ni utaratibu wao: kwanza hakikisha waliopita wanatosha, halafu ndipo uvue.

Sasa usichukue mbinu yao jinsi ilivyo. Maji yao ni meupe, unamwona samaki akipita. Mto Sio ukijaa huoni hata kidole chako ukikizamisha. Tena kuna tofauti kubwa kuliko hiyo: samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki wakishataga hufa. Ningu akishataga hurudi ziwani, na anaweza kupanda tena. Kwa hiyo ukimuua jike la ningu njiani hujapoteza mayai ya mwaka huu peke yake, umepoteza na ya misimu ambayo angekuja.

Kwa sababu ya maji machafu tulirudi kwenye uzio wa wazee, safari hii wa kuhesabia. Ukitaka kujaribu kwenu, kabla hujakata tete hata moja nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, uwe na viongozi wa wavuvi wa mwalo wako, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mpate ruhusa kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, mtu aliyesimama mtoni usiku na uzio na samaki ni mhalifu machoni pa kila anayepita, na atakuwa na haki ya kukudhani hivyo.

Pili, usijenge kwenye mto wenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilikaidi, nikajenga penye mkondo mkubwa kwa sababu ndiko samaki wengi hupita. Kazi ya siku tatu ilichukuliwa na maji kwa usiku mmoja, na matete yakaenda kunasa kwenye nyavu za jirani. Chagua kijito kinachoingia mtoni, chenye kingo imara, kisichozidi kina cha kiuno. Acha mwanya mmoja katikati, na nyuma yake weka mgono mkubwa wa kukusanyia, wenye nafasi ya kutosha samaki wasibanane. Uukague kila baada ya saa mbili usiku kucha. Ukiuacha hadi asubuhi utakuta wamechubuka, na samaki aliyechubuka magamba umemhesabu lakini hujamsaidia.

Vaa buti ndefu. Kichocho kipo maji haya.

Kila samaki anayetoka mgononi tunaandika mambo manne: aina, urefu, dume au jike, na hali ya mayai. Urefu tunapima kuanzia ncha ya mdomo hadi penye panda ya mkia, kwenye ubao uliochorwa sentimita. Si lazima upime hadi hapo, unaweza kupima mpaka mwisho wa mkia, ila chagua moja na wote mfanye hiyo hiyo hadi msimu uishe. Hali ya mayai tumeigawa sehemu tatu tu, kwa sababu wataalamu wana madaraja mengi na usiku wa manane kwa mwanga wa tochi mtu hatayakumbuka. Hajakomaa: tumbo gumu, hakuna kinachotoka. Amekomaa: ukipitisha kidole tumboni kwa upole mayai yanatoka yenyewe, au kwa dume maji meupe kama maziwa. Amemaliza: tumbo limelegea kama mfuko mtupu. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, mkono mkavu unamvua utelezi unaomkinga. Kisha anaachiwa upande wa juu wa uzio, kichwa kikielekea mkondo.

Pembeni ya kijito tumechomeka mti uliopigwa rangi kila sentimita 10, wa kusoma kina cha maji asubuhi na jioni. Mvua tunaipima kwa kopo la pande zilizonyooka na rula. Hivi vitu viwili havigharimu kitu, na ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Nilikuwa naamini ningu hupanda kwa kufuata tarehe. Daftari limenionyesha kwamba wanafuata maji: mti ukionyesha maji yamepanda haraka kwa siku mbili mfululizo, jiandae, hata kama kalenda inasema bado.

Neno juu ya daftari lenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, na samaki ni mali. Kosa ambalo nimeliona kwa kila kijana anayeanza ni kuandika siku zenye samaki peke yake. Siku ambayo hujapata hata mmoja, andika sifuri, na saa ulizokaa. Sifuri ni habari. Usiku uliolala kwa homa au uzio ulipobomoka, usiandike sifuri, andika "hatukuhesabu". Ukichanganya hivyo viwili, mwisho wa msimu hutajua kama samaki hawakuja au wewe ndiye hukuwepo. Na kama kwenu mnatumia nyavu ya kupimia badala ya uzio, iwe nyavu ile ile, matundu yale yale, saa zile zile. Ukileta nyavu mpya yenye macho madogo na samaki wakaongezeka, hujui kilichoongezeka ni nini.

Kanuni tuliyokubaliana mkutanoni mwaloni ni fupi. Jike la kwanza lililokomaa likionekana kwenye uzio, nyavu zote zinatoka mdomoni mwa mto na kwenye vijito kwa siku 10. Baada ya hapo tunaangalia daftari. Ikiwa majike waliomaliza kutaga wameanza kuonekana wakirudi, tunafungua kwa wanaovua mchana. Ikiwa bado wote matumbo yamejaa, tunaongeza siku. Si kila mtu alikubali. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, unataka watoto wangu wale daftari?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilichofanya ni kumwomba aje ahesabu usiku mmoja. Alikuja, akawashika majike kwa mikono yake, akaona mayai yanavyomwagika. Sasa ndiye anayesimamia zamu ya alfajiri, na mgawo wa kazi za msimu, yaani kukagua, kupika chai, kulinda uzio, unawalipa wavuvi wachache kwa siku wasizovua. Fedha hiyo inatoka kwenye ada ndogo ya mwalo. Haitoshi, na fedha hiyo isipoongezwa, ipo siku kanuni itavunjika. Nalisema wazi ili mwenzangu usianze ukidhani nia njema peke yake inalisha nyumba.

Jambo gumu zaidi kwetu ni ng'ambo. Sehemu ya chini ya Sio ndiyo mpaka, ukingo mmoja Uganda, mwingine Kenya, na Wasamia wako pande zote mbili. Tukiondoa nyavu huku wenzetu wakatega kule, tumewavulia wao. Hili halikutatuliwa na barua. Lilitatuliwa kwenye matanga ya shangazi yetu, pande zote zilipokaa mahali pamoja na tukapata nafasi ya kusema. Sasa binamu yangu ana daftari lake, mistari sawasawa na langu, na kila Jumapili tunapigiana simu kusomeana. Tofauti zikiwa kubwa tunaulizana kwa nini kabla ya kulaumiana.

Yapo ambayo hesabu haiwezi kuyatibu. Ningu hutaga penye majani yaliyofurika, na maeneo hayo ndiyo yanayolimwa hadi ukingoni au kuchimbwa mchanga na udongo wa matofali. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 100 zisiguswe kandokando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Pima kwa hatua zako siku ukipita, utaona. Kule Kajjansi, kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Uganda, wameweza kuwazalisha ningu kwa kuwachoma homoni, na hiyo ni kazi ya maana sana, lakini vifaranga ukiwaleta mtoni pasipo na majani ya kutagia, watoto wao watazaliwa wapi?

Maji yakianza kupungua, pita kwenye mabwawa madogo yaliyobaki mashambani. Vifaranga hukwama humo, na watoto huja na vyandarua. Chimba mfereji mwembamba kuelekea kijitoni, mapema, kabla jua halijapasha maji hayo. Na alama ya chini kabisa ya ule mti ikionekana tena, ng'oa uzio wote, hadi vigingi vya mwisho na kamba zake, maana wanaoshuka nao wanahitaji njia.