Data zenu ziko kwa watu: mtajuaje hazijaguswa?

Saccos ninayoihudumia haina seva yake. Kanzidata yote, akiba, mikopo na marejesho, inakaa kwa kampuni tunayoilipa kila mwezi, na sioni ubaya wowote. Ile seva ya zamani iliyokuwa chini ya meza ya karani, ikizimika kila umeme ukikatika, sitaki hata kuikumbuka. Lakini anayekutunzia data anaweza pia kuibadilisha, na si lazima awe mwizi. Diski hufa. Fundi hurudisha nakala rudufu isiyo yenyewe. Kijana wa zamu huandika UPDATE, amri ya kubadilisha rekodi, akasahau WHERE, inayotaja ni rekodi zipi. Skrini nayo itaendelea kukuonyesha tarakimu nzuri tu, maana kanzidata haina haya.

Wengi wanaoniuliza habari hizi hushika swali moja: je, rekodi hii imebadilishwa? Maswali ni matatu. Rekodi niliyopewa ni ileile niliyoiweka? Nimepewa zote, au kuna zilizopungua? Na ni za leo au za juzi? Wauzaji wa huduma hulijibu la kwanza kwa mbwembwe, kisha hubadilisha mada.

La kwanza kweli ni jepesi. Unaiandika rekodi kama mstari mmoja, unaipitisha kwenye SHA-256, kanuni ya kukokotoa alama ya maandishi yoyote, unapata alama ya herufi na tarakimu 64. Ikiongezwa shilingi moja tu, alama inatoka nyingine kabisa. Ila ukiiweka alama hiyo kwenye kanzidata ileile, hujalinda kitu: mwenye uwezo wa kubadilisha salio anaweza kuikokotoa upya. Tumieni HMAC, inayochanganya rekodi na ufunguo wa siri, na ufunguo huo ubaki kwenu, usikanyage kwa mtoa huduma.

Kinachokesha watu ni kuuandika huo mstari. Wetu unafanana na huu:

000412|2024-03-09T11:20:00Z|MAREJESHO|45000.00

Kwa mweka hazina, 45000 na 45000.00 ni pesa ileile. Kwa SHA-256 ni vitu viwili visivyojuana. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, ndiyo ile Z kwenye mstari. Tarehe zikihifadhiwa bila ukanda wa saa, halafu seva ikahamishiwa Ireland, unaweza kuamka ukakuta rekodi zote zinaonekana zimechezewa, kumbe hakuna aliyezigusa. Amueni mapema: desimali ngapi, saa ya wapi, na NULL, yaani sehemu isiyo na thamani yoyote, itaandikwaje isije ikafanana na maandishi matupu. Jaribuni kwanza kwa SHA-256 bila ufunguo. Mkiona alama zote zinaanza na e3b0c442, msifurahi: hiyo ni SHA-256 ya maandishi matupu, yaani programu yenu inahakiki hewa.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu rekodi iliyofutwa haiachi alama mbovu nyuma yake. Haipo tu. Sisi tunaipa kila rekodi namba ya mfululizo, na alama yake inakokotolewa pamoja na alama ya rekodi iliyoitangulia. Ukichomoa moja katikati, zote zinazofuata zinagoma. Hii inadai nidhamu ya uhasibu: hakuna kurekebisha rekodi ya zamani, kosa linafutwa kwa muamala mpya wa kulirudisha. Makarani walinung'unika mwanzoni.

Hata hivyo mnyororo hauoni ukikatwa mkia, na hapo ndipo linapoingia swali la tatu. Kampuni moja iliwahi kuturudishia nakala rudufu baada ya hitilafu, na kila rekodi ilikuwa sahihi, kila alama imekubali. Marejesho ya Jumamosi mchana tu ndiyo hayakuwepo. Tulijua kwa sababu kila jioni alama ya mwisho na namba yake hutumwa kwa meseji kwa mwenyekiti na katibu. Mwenyekiti hajui SHA-256 ni mdudu gani, lakini meseji anayo, na namba iliyokuwa kwenye simu yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye kanzidata.

Wazo la kuweka ushahidi nje si langu. Stuart Haber na W. Scott Stornetta waliandika mwaka 1991 namna ya kuzifunga nyaraka kwa mnyororo wa alama, na tangu 1995 kampuni yao, Surety, ilikuwa ikichapisha alama ya wiki kwenye matangazo madogo ya New York Times. Nani angezikusanya nakala zote za gazeti mitaani akazibadilishe?

Mkiwa na rekodi nyingi mno, kuna mti wa Merkle, ambamo alama huunganishwa mbili mbili hadi ibaki moja: kuthibitisha rekodi moja kati ya milioni moja kunahitaji alama kama 20 tu. Kwa saccos ndogo ni mzigo usio na sababu. Na akija mtu kuwauzia blokucheni, yaani mnyororo wa alama unaotunzwa na kompyuta nyingi, mwulizeni alama ya mwisho itakaa kwa nani.

Kabla ya yote hayo someni mkataba. Mnapaswa kuweza kupakua rekodi ghafi wenyewe, si ripoti ya PDF iliyopikwa na wao. Na siku alama zikikataa, pakueni nakala ya hali ilivyo kabla hamjawapigia simu, maana jambo la kwanza watakalofanya kwa nia njema ni "kurekebisha".