argparse: amri ndogo zinaonekana majina tu kwenye --help

Mkuu, umesema umeziandikia amri zako zote ndogo `description`, lakini ukiita `--help` ya programu kuu unaona majina tu ndani ya `{}`. argparse, maktaba ya Python inayosoma amri na chaguo za programu, iko sawa. `add_parser()` inapokea maelezo ya aina mbili, na wewe umejaza moja.

`help=` ndiyo inayotokea kwenye orodha kuu. `description=` inasubiri mtu afungue msaada wa amri yenyewe. Ukiacha `help`, amri haipewi mstari wake.

```
amri = p.add_subparsers(title="amri", metavar="AMRI", dest="amri", required=True)
n = amri.add_parser("nakili",
    help="nakili folda kwenda diski nyingine",
    description="Faili lililopo halifutwi ila ukiweka --lazima.")
```

Tafadhali usibandike sentensi ileile kote kuwili. Anayesoma orodha kuu bado anachagua, maneno machache yanamtosha. Aliyefika `nakili --help` ameshachagua. Huyo anataka kujua faili lake la zamani litapona au la.

Mifano mimi huiweka kwenye `epilog`, maandishi yanayotokea mwisho wa msaada. Hapo ndipo wengi hukwama: argparse inakunja mistari yako yote kuwa aya moja, mifano inageuka uji. Dawa ni `formatter_class=argparse.RawDescriptionHelpFormatter`, ila iweke kwenye kila `add_parser()`, kwa sababu amri ndogo hairithi mpangilio huo kutoka kwa mzazi. Kuiweka juu peke yake hakusaidii kitu huku chini. Nimezoea kuandika funksheni fupi inayoita `add_parser()` na kujaza `formatter_class` yenyewe, maana kukumbuka kila mara ni kazi ya mashine.

Alama ya asilimia ndani ya `help` iandike `%%`, la sivyo msaada wenyewe unaweza kuanguka.

Hiyo `required=True` ipo tangu Python 3.7. Bila hiyo, mtu akiita programu bila amri argparse inanyamaza, na kama unatumia `set_defaults(func=...)` kuipa kila amri funksheni yake, atatupiwa AttributeError badala ya kuambiwa kwamba amri inahitajika. `metavar` nayo inaondoa ule msururu wa majina ndani ya `{}` ambao amri zikizidi kumi hausomeki.

Kisha endesha `COLUMNS=50 python programu.py --help`, yaani kama dirisha lina upana wa herufi 50. Maelezo yakivunjika mistari mitatu minne kwa kila amri, yapunguze, yanayobaki yahamishie kwenye `description`.