Ukiweka mashine ya kujibu simu nyumbani, lihurumie salio la anayepiga

Mashine ya kujibu simu, ile inayopokea usipokuwepo na kurekodi ujumbe wa anayepiga, ikishapokea tu, anayepiga ameanza kukatwa salio. Kwa laini ya simu, mashine na binadamu ni sawa: simu imepokelewa, malipo yanahesabika. Hili ndilo jambo la kwanza kulijua, na ushauri wangu wote hapa chini umetoka humo. Vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi vimeandikwa kwa watu wanaolipia simu mwisho wa mwezi. Sisi huku Uganda tunanunua salio kidogo kidogo dukani, na shangazi anayepiga kutoka Arua anajua hasa amebakiwa na dakika ngapi. Mashine ikimwimbia muziki, ikamshukuru kwa kupiga, ikamweleza kwamba simu yake ni ya muhimu, salio limekwisha kabla hajasema neno.

Mimi ndiye ninayeitunza mashine ya nyumbani kwa mama, Walukuba, Jinja. Mama ana simu yake ya mezani na hataki kusikia habari ya kutembea na simu mkononi. Akienda shambani, msikitini au kwa jirani, simu inabaki inalia peke yake. Watoto tumetawanyika, wengine Kampala, mmoja Mombasa, mmoja Uingereza, na kila mmoja akipiga asipompata huanza kuwapigia wengine kuuliza kama kuna tatizo. Mashine imetuondolea wasiwasi huo, na tangu hapo majirani kadhaa wameniita niwafungie zao.

Kuhusu kununua. Nyingi zinazofika huku zimetumwa na ndugu walioko nje au ni za mitumba. Geuza adapta ya umeme usome maandishi yake kabla ya kuchomeka popote. Umeme wetu ni volti 240. Adapta iliyoandikwa 120V peke yake ni ya Marekani, na ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, au adapta nyingine yenye volti zile zile za kutoka ambazo mashine inataka. Iliyoandikwa 100–240V haina shida.

Kama mashine imeunganishwa na simu isiyo na waya, yaani ile ya kutembea nayo ndani ya nyumba, usikubali ya Marekani hata ukipewa bure. Simu nyingi za Marekani za aina hiyo hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo kwetu huku yamo ndani ya masafa ya simu za mkononi za 3G. Unaweza kuvuruga mawasiliano ya majirani, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda haitakuonea huruma. Za Ulaya hutumia 1880 hadi 1900, hizo hazigongani na mtu. Mashine iliyotoka Uingereza nayo ina plagi pana ya kwao isiyoingia kwenye tundu dogo la kawaida. Kiunganishi chake kinapatikana, ila omba chenye kapasita ndani, maana baadhi ya vifaa vya Uingereza hutegemea kapasita iliyomo kwenye soketi ya ukutani ya kwao, na bila hiyo havisikii simu ikiita.

Kaseti au kumbukumbu ya kidijitali? Chukua ya kidijitali. Kaseti zile ndogo ni kazi kuzipata, na utepe ukishachoka sauti hukwaruza. Lakini hakikisha ina nafasi ya betri, mara nyingi ile ya mraba ya volti 9, kwa ajili ya umeme unapokatika. Kuna mashine ambazo bila betri hiyo hupoteza saa, na nyingine hupoteza hata ujumbe uliokwisha kurekodiwa.

Kufunga waya ni kazi ndogo. Waya wa kutoka ukutani unaingia kwenye tundu la LINE, waya wa kwenda kwenye simu unatoka kwenye tundu la TEL au PHONE. Kama laini hiyo hiyo inaleta intaneti, weka kichujio kati ya ukuta na mashine, la sivyo ujumbe utakuja na mvumo. Kama nyumbani hakuna simu ya waya bali kile kisanduku cha mezani kinachotumia laini ya simu ya mkononi, kigeuze utazame nyuma: vingine vina tundu la simu, na mashine inaunganishwa hapo kama kawaida. Kwa laini ya aina hiyo piga kwanza ##002# ili kuondoa uhamishaji wote wa simu, kwa sababu sanduku la ujumbe la mtandao likiwahi kupokea, mashine yako haitafanya kazi kamwe.

Na usiiondoe ile simu ya kawaida yenye waya. Simu hiyo hupata umeme wake, kama volti 48, kutoka kwenye laini yenyewe, kwa hiyo hata giza likiwa mtaa mzima inalia na inapokelewa. Mashine inategemea umeme wa ukutani. Ziwe mezani zote mbili.

Sasa tuje kwenye idadi ya miito, na hapa naomba usikilize vizuri. Mashine inakuuliza ipokee baada ya miito mingapi. Wengi huweka miwili wakidhani wanamfanyia mgeni hisani asisubiri. Huku kwetu watu wanabipu. Mjukuu anabipu mara moja ili bibi ampigie, muuza maziwa anabipu kusema amefika getini, na wote wanategemea kwamba simu haitapokelewa. Mashine inayowahi kupokea inamkata mtu salio alilokuwa anaenda nalo sokoni. Weka miito mingi kadiri mashine inavyoruhusu, minne kwenda juu.

Tena kuna kipimo kizuri kuliko kubahatisha. Mwache mtu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote nyumbani akae jikoni au uani, kisha piga simu ya nyumbani kwa simu yako ya mkononi, uhesabu miito hadi anyanyue. Mama ana magoti mabaya. Alitoka jikoni akashika ukuta, akavaa kandambili mlangoni, akafika simu ikiwa imeita mara tano. Basi ya kwetu inapokea mwito wa saba. Kama mashine yako inaishia minne, sogeza meza ya simu karibu na anapokaa.

Mashine nyingi pia zina mpangilio unaoitwa Toll Saver. Ukiuwasha, mashine inapokea mapema, kwa kawaida mwito wa pili, ikiwa kuna ujumbe mpya, na inachelewa hadi wa nne ikiwa hakuna. Mwenye nyumba akipiga kutoka mbali na kusikia mwito wa tatu anajua hakuna ujumbe, anakata bila kulipa. Ni ubunifu wa maana kwa wenzetu. Mimi ninauzima, kwa sababu unawanasa wanaobipu siku ile ile ambayo ujumbe umekuja, na hao ni wengi kuliko sisi tunaopiga kusikiliza ujumbe.

Salamu ndiyo roho ya mashine. Isizidi sekunde kumi. Yetu inasema hivi: “Asalaam aleikum. Hii ni mashine, nyumbani kwa Mama Zaituni. Baada ya mlio taja jina na namba yako. Tutakupigia.” Kila neno lina kazi yake. “Hii ni mashine” linakuja mapema ili asiyetaka kulipa akate haraka. Jina la mama linamhakikishia kwamba hakukosea namba. “Tutakupigia” linamwambia kwamba gharama ya maongezi itakuwa juu yetu, kwa hiyo hana haja ya kumaliza habari yote pale. Tuliongeza sentensi moja ya Luganda kwa ajili ya majirani. Kiingereza hatukukiweka, kwani anayempigia mama kwa Kiingereza ni aliyekosea namba. Wewe pima wanaokupigia, lakini usijaribu kurudia salamu nzima kwa lugha tatu.

Usiseme mmesafiri, wala mtarudi lini. Namba ya nyumba inajulikana na watu wengi kuliko unavyodhani, na “tumekwenda Mbale hadi Jumatatu” ni taarifa ambayo mwizi angeilipia.

Sauti iwe ya mtu wa nyumbani, na iwe sauti ya mtu mzima. Watoto wana sauti tamu, lakini wazee wakisikia mtoto huanza kumwambia, “Mwanangu, niitie mama yako,” kisha wanasubiri. Na kusubiri huko ndiko kunakoharibu mambo, kwa sababu mashine ikiona kimya inadhani mtu amekata, nayo inakata.

Hili la wazee lataka subira. Salamu zetu ni za kujibizana. Mjomba wangu wa Bombo, mara ya kwanza alipokutana na mashine, alisema “Hodi.” Akanyamaza. “Hodi, wenyewe mpo?” Akanyamaza tena, na ikakata. Alikuwa na habari ya mgonjwa, na hatukuijua hadi siku ya pili. Nikamwendea nyumbani kwake, nikampigia namba ya Jinja kwa simu yangu, tukaisikiliza salamu pamoja. Nikamwomba afikirie anatuma mtoto na neno: unamwambia mtoto nani amemtuma na anataka nini, humngojei mtoto akujibu. Akajaribu palepale, akasema jina lake na “nipigieni.” Tangu siku hiyo ujumbe wake ni mfupi na unaeleweka kuliko wa vijana wote. Fanya hivyo kwa kila mzee anayepiga sana nyumbani kwako, tena kwa salio lako wewe.

Na muwekeane taratibu katika ukoo: habari ya msiba haiachwi kwenye mashine. Bibi kizee anayebonyeza kitufe akiwa peke yake jioni asisikie kifo cha ndugu yake kwa njia hiyo. Anayepiga aseme tu, “Nipigieni leo leo,” na kisha ampigie mtu mwingine wa nyumbani.

Kwa anayeitumia mashine kila siku, punguza maamuzi. Kwa mama nilipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha kusikiliza, na kile cha kufuta nikakifunika kwa kipande cha gundi ya karatasi. Taa ikipepesa, anabonyeza chekundu, basi. Kando ya mashine kuna daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mjukuu anayetoka shule huandika jina, namba na siku, kisha ndiye anayeruhusiwa kuinua ile gundi na kufuta. Kumbukumbu ikijaa mashine haipokei ujumbe tena, na nyingine hupokea simu na kumwambia anayepiga kwamba hakuna nafasi, yaani amelipa bure kabisa. Urefu wa kila ujumbe uwekee kikomo cha dakika moja. Hicho pia kinakulinda na tatizo la mashine za nje kutotambua mlio wa laini yetu baada ya mtu kukata, zikaendelea kurekodi tuu-tuu-tuu mpaka nafasi iishe.

Spika nayo iangaliwe. Mashine nyingi hutoa kwa sauti maneno ya anayepiga wakati anaporekodi, ili mwenye nyumba aamue kama anyanyue. Ni jambo zuri ukiwa peke yako. Lakini sebuleni kukiwa na wageni, dada anaeleza majibu yake ya hospitali na watu wazima wote wanatazama sakafuni. Ukitegemea wageni, teremsha sauti hadi sifuri. Ujumbe utarekodiwa vilevile.

Mashine nyingi hukuruhusu kusikiliza ujumbe ukiwa mbali: unapiga, salamu ikianza unabonyeza namba ya siri. Badilisha namba hiyo siku ya kwanza. Ile ya kiwandani imeandikwa kwenye kijitabu ambacho yeyote anaweza kukipata, na mara nyingi ni tarakimu mbili tu. Mimi hupiga jioni nikiwa Kampala, naandika namba, kisha nawapigia waliopiga. Hapo ndipo lile “tutakupigia” linapotimia. Watu wakiachiwa ahadi hiyo mara mbili bila kupigiwa, wataacha kusema chochote na watakata kila wanaposikia mashine.

La mwisho ni radi. Kando ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, ngurumo hazituachi, na mashine hii ina milango miwili ya kuingilia radi, waya wa umeme na waya wa simu. Kilinda-umeme cha kawaida cha ukutani kinaziba mmoja tu. Tafuta chenye matundu ya simu pia, au wingu likitanda chomoa vyote viwili, tena kabla ngurumo haijakaribia, usizishike nyaya radi ikipiga. Ukisharudisha, ipigie nyumba kwa simu yako usikilize mwenyewe inajibu nini. Betri ikiwa imekufa, mashine nyingine hufuta sauti yako na kurudia salamu ya kiwandani ya Kiingereza, na shangazi wa Arua akiisikia atadhani namba imebadilishwa. Rekodi salamu yako upya siku hiyohiyo, ununue na betri mpya.