Chenga za buluu kwenye vivuli: zinatoka wapi, na zinatibiwaje?

Swali: Tulipiga filamu fupi usiku ndani ya chumba, kwa balbu za njano za nyumbani. Kwenye kioo cha kamera picha ilionekana safi. Nilipoanza kurekebisha rangi, nikaongeza mwanga na kuondoa unjano, vivuli (sehemu zenye giza za picha) vikajaa chenga, yaani vidoa vidogo vinavyotetemeka, hasa za buluu. Je, programu ndiyo inayoharibu picha?

Jibu: Hapana. Chenga zilikuwemo tangu mlipopiga, ila kioo kile ni kidogo na vivuli vilikuwa vyeusi kiasi cha kuzificha.

Balbu ya njano hutoa wekundu mwingi na buluu kidogo mno. Kwa hiyo chaneli ya buluu, yaani sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo, ilipokea mwanga hafifu, na penye mwanga hafifu chenga hutawala. Kuondoa unjano maana yake ni kuikuza chaneli hiyohiyo dhaifu, pamoja na chenga zake. Kisha ukaongeza mwanga, ukazikuza tena. Kama kamera yenu hurekodi kwa biti 8, kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga, na zinazoangukia kwenye vivuli ni chache. Ukiving'arisha sana, utaona pia michirizi na vijisanduku vinavyotokana na faili kubanwa.

Kwa klipu ulizo nazo, punguza chenga kwanza ndipo uguse rangi. Katika DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kurekebisha rangi, kifaa cha kupunguza chenga kimo kwenye toleo la kulipia la Studio, si la bure. Anza na njia inayolinganisha fremu (picha moja moja za video) zinazofuatana: chenga hubadilika kila fremu, ukuta haubadiliki, hivyo programu hujua cha kufuta. Mtu akitembea haraka, punguza nguvu ya njia hiyo, la sivyo ataacha taswira hafifu nyuma yake. Njia ya kulainisha ndani ya fremu moja itumie kwa uchache sana, maana ngozi hugeuka nta. Halafu punguza ukolevu wa rangi kwenye vivuli peke yake. Chenga za kijivu jicho huzivumilia, za rangi huliudhi. Na weusi urudishe chini. Tukio ni la usiku, kona nyeusi ni halali yake, na binafsi naichagua kuliko kona ya kijivu inayotetemeka.

Mkipiga tena, dawa ni mwanga, wala haidai taa mpya. Isogezeni taa hadi nusu ya umbali wake kwa mwigizaji: kwa taa ndogo, mwanga unaomfikia huwa karibu mara 4, na picha huzizidi chenga mara 2 ya awali. Kupandisha ISO, mpangilio wa kamera unaong'arisha picha, hakuongezi mwanga wowote kwenye sensa, sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Balbu nyeupe zitailisha chaneli ya buluu. Pigeni picha ing'ae kidogo kuliko mnavyotaka, bila kuunguza (kugeuza jeupe tupu) paji la uso wala balbu inayoonekana, kisha itieni giza wakati wa kuhariri. Kabla ya kurekodi, pigeni klipu fupi ya majaribio, muitie rangi mnayokusudia na kuitazama kwenye skrini kubwa, taa zikiwa bado ziko mahali pake.