Jibu: Mzee anaamka mara nne usiku kukojoa, ni tezi dume au sukari?
Salaam mkuu, na pole kwa mzee. Umesema ana miaka 67, anaamka mara nne usiku, mkojo unatoka mwembamba, na hujui kama ni tezi dume au sukari.

Anzeni na kipimo cha nyumbani. Mpe kikombe chenye alama za mililita akojolee humo siku tatu, usiku na mchana, muandike saa na kiasi. Mkojo mwingi kila safari, pamoja na kiu, unaelekeza kwenye sukari. Ukiwa kidogo kidogo, mililita 100 hivi, na bado anahisi kibofu hakijaisha, tezi inashukiwa zaidi. Njia ya mkojo inapita katikati ya tezi, kwa hiyo ikikua inaibana: anasimama chooni akisubiri, mkojo unakatika na kuanza tena, kisha matone yanalowesha nguo akishafunga zipu.

Angalia na dawa anazomeza! Vidonge vingi vya mafua vinaweza kuzidisha kubana huko, hata mkojo ukagoma kabisa.

Hospitali apimwe mkojo, sukari, figo, na ultrasound baada ya kukojoa, ili waone kiasi kinachobaki. Kama ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), itibiwe kwanza ndipo apime PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, maana maambukizi huipandisha. Kipimo cha kidole, daktari akiipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, asikikatae, kwani dalili peke yake hazitofautishi uvimbe wa kawaida na saratani.

Akishindwa kabisa kukojoa na tumbo la chini likajaa na kuuma, msimnyweshe maji "yasukume". Mpelekeni saa hiyohiyo awekewe mpira wa kutolea mkojo.